Buluu ya Marehemu

Kagerankanda, Kasulu
Mvua zikielekea kuisha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Amahoro, amani ya Mungu, ikukute hapo Busunzu ukiwa mzima na goti lako likiwa limepata nafuu, maana Kudra, jirani yetu anayechuuza magulioni, aliniambia kwamba alipokuona Kibondo ulikuwa unachechemea na hukutaka mtu akubebee kikapu. Nimelifikiria goti hilo tangu siku hiyo. Bado unalichua kwa mawese, au uliishachoka? Kuku wanaendeleaje? Na maharage ya kule bondeni, yamepona mvua hizi au yameoza kama ya kwetu? Baba mdogo Fidele mfikishie shikamoo yangu kwa heshima zote. Sisi huku hatujambo. Aline ameota meno mawili ya mbele na anaringa nayo shule nzima. Mama mkwe wangu, Mama Niyubahwe, naye hajambo, anakusalimu sana, na salamu zake safari hii zina uzito kuliko zamani, kama utakavyoona.

Najua utashangaa kupokea barua siku hizi, wakati hata wachunga mbuzi wana simu. Lakini simu ya hapo nyumbani inakaa mfukoni kwa Baba mdogo, na kila nikipiga anaiweka spika ili nyumba nzima isikie. Haya ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema yapite kwenye spika. Kudra atakukabidhi barua hii mkononi siku ya gulio. Kaa nayo mahali pako, uisome polepole, ukichoka uiweke, kisha uirudie.

Mara ya mwisho tulipoongea uliniambia nimkubali shemeji yangu Pasikali. Ulisema mjane mwenye shamba na mtoto haachwi hivi hivi, ulisema Pasikali ni damu ya marehemu Sylvesta, na ulisema mtu huzoea. Mimi nikakuambia mtandao unakatika, nikakata simu. Mtandao haukuwa unakatika, Mama. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa kiganja nisitapike.

Sasa ngoja nieleze tangu mwanzo, maana ulivyosikia huko ni maneno ya watu.

Unakumbuka siku Sylvesta alipokuja kwetu mara ya kwanza na wazee wake. Alivaa shati la buluu, suruali ya buluu, na wewe ukaninong'oneza jikoni kwamba kijana huyu amekuja kuoa au amekuja kukagua mita za umeme. Basi alikuwa hivyo maisha yake yote. Tulipojenga hapa, mlango ulipakwa buluu kabla hata ya sakafu kusakafiwa. Madirisha yakafuata. Baiskeli ilikuwa nyekundu alipoinunua, kesho yake ikawa buluu. Alikuwa na bakuli lake la plastiki la buluu ambalo hakutaka mtu mwingine alilie, na koti la buluu alilovaa akiongoza kwaya, na kitenge cha kwanza alichoninunulia kilikuwa buluu, na cha pili pia. Siku moja nikamlalamikia kwamba kuna rangi nyingine duniani. Ndipo akanieleza.

Alisema mwaka ule wa kukimbia vita Burundi alikuwa mdogo, na mama yake alivuka naye mto wakajificha kwenye matete. Walikaa humo wakisikia milio ya bunduki, wamelala kifudifudi kwenye tope, ruba wakiwanyonya. Muda wote huo alikuwa anatazama chini tu, tope na visigino vya watu. Walipofika upande huu wa mpaka, mahali ambapo hakuna tena aliyekuwa anawafukuza, mama yake alimlaza chali kwenye nyasi akamwambia atazame juu. Mbingu haikuwa na wingu hata moja. Sylvesta alisema hapo ndipo moyo wake ulipoacha kukimbia. Ubururu, ndivyo alivyoiita buluu kwa Kirundi, na sauti yake ilishuka kila alipolitaja neno hilo. Alisema popote alipoiona rangi ile alijua amefika, anaweza kukaa.

Tangu hapo na mimi nikaipenda. Nikitoka shambani na mzigo kichwani, nikiuona ule mlango kutoka kwenye kona ya mkahawa wa jirani, nilihisi mabega yananishuka. Hata tulipokuwa tumegombana. Sijui rangi inawezaje kumfanyia mtu hivyo, lakini ilinifanyia.

Kiangazi kilichopita, kama ujuavyo, ini lilimvimba na hospitali haikuweza kitu, na tukamzika. Ulikuja, ulilala nami kitanda kimoja, sina haja ya kukukumbusha. Usichokijua ni kilichofuata ulipoondoka. Tulipomaliza matanga nguo zake ziligawanywa kwa ndugu kama desturi. Pasikali aliomba koti la kwaya. Aliliomba kwa upole, macho yakiwa chini, nami nikaona ni haki yake, ni mdogo wake wa tumbo moja. Nikampa.

Jumapili ya kwanza alipolivaa kanisani, Mama Niyubahwe alilia kwa sauti. Alimshika mashavu akasema amemwona mwanawe. Watu wakaguswa, na mimi nikaguswa. Nilidhani ni Jumapili ile tu.

Wiki iliyofuata alikuja na shati la buluu jipya. Kisha suruali. Kisha nikapita kwake nikakuta anapaka mlango wake rangi, na ilikuwa rangi yetu hasa. Alikuwa amekwangua kipande kwenye dirisha langu bila kuniambia, akaenda nacho dukani Kasulu wamchanganyie ifanane. Akaazima baiskeli ya Sylvesta na hakuirudisha. Akaanza kutafuna tangawizi kama Sylvesta, anaihamisha shavu hili kwenda lile akiwa anaongea. Pasikali, Mama, ambaye zamani alikuwa akisema tangawizi inamchoma. Alianza hata kukohoa kabla ya kubisha hodi, kikohozi kile kile kifupi, na mara ya kwanza nilipokisikia niliangusha sufuria.

Nilijaribu kuwaambia watu. Jirani mmoja alinijibu kwamba nina bahati, wajane wengine hawapati hata wa kuwapasulia kuni. Mwingine akasema angalau nyumba haijabadilika, ukiitazama kwa mbali ni kama marehemu hajaondoka. Walidhani wananifariji.

Ikafika akawa anakuja kula. Alikaa kwenye kiti cha Sylvesta, akamwagiza Aline alete bakuli la buluu, na mtoto akalileta kwa sababu ameagizwa na mtu mzima. Nilikuwa nimepika ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka. Alikuwa ametoka kupaka rangi tena, sijui nini safari hiyo, na rangi ilikuwa imekauka kwenye kucha zake na kwenye mikunjo ya vidole. Akamega, akachovya, akalamba kidole kimoja kimoja hadi kwenye kifundo. Kola ya koti lile ilikuwa imeshika weusi wa shingo yake, ikanuka jasho lake juu ya jasho la mume wangu, harufu mbili zimelala pamoja kwenye kitambaa kimoja. Mafuta ya mchuzi yakamtiririka hadi kwenye mkono wa koti, naye akayafuta kwa mkono mwingine wa koti hilo hilo. Akaniambia mchuzi una chumvi ya kutosha, kama alivyokuwa akisema Sylvesta mwenyewe. Nilitoka nje nikaenda nyuma ya migomba nikatapika hadi machozi.

Baada ya hapo sikuweza tena, Mama. Rangi ile iliyokuwa ikinishusha mabega ikawa inanipanda kooni. Ndoo ya buluu bombani, nakwepa kupanga foleni nyuma yake. Sweta za watoto wa shule, nageuka. Turubai la buluu walilofunikia mahindi kwa jirani lilinifanya nipite njia ndefu ya mtoni. Nilikusanya vile vitenge viwili nikavitia kwenye gunia pamoja na makapi ya maharage. Hata kulipokucha na mbingu imetakata baada ya mvua, kila mtu anafurahi anaanika mazao, mimi nilitembea nikitazama miguu yangu.

Na watu wanaona mwanamke anayetapika. Unajua wanavyofikiri. Maneno yakaanza mashineni kwenye kusaga, yakafika kanisani, kwamba Dorcas ana mimba na ya nani tena kama si ya Pasikali, anaingia na kutoka pale. Nilipomwomba Pasikali awaambie watu ukweli, alitabasamu akasema watu waache waseme, mwisho wa maneno ni mzuri. Hapo nikajua maneno yenyewe yanamfaa.

Jambo lililonifanya nisimame lilikuja kwa mtoto. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, mimi na Aline, akaniuliza kama ruba huuma au hutekenya. Nikamuuliza ruba amewatoa wapi. Akasema Baba mdogo Pasikali amemsimulia alivyolala kwenye matete alipokuwa mdogo, na bibi alivyomlaza chali akamwambia atazame juu, ndiyo maana anapenda buluu. Nikamwambia huyo alikuwa baba yako. Aline akanitazama kwa kunionea huruma, kama ninavyomtazama yeye akikosea hesabu, akasema hapana Mama, ni Baba mdogo, ameniambia mwenyewe. Baba hajawahi kuniambia.

Ni kweli hajawahi. Alikuwa anasubiri akue kidogo.

Nilimtazama mwanangu nikaona kwamba baada ya mwaka mmoja hatakuwa na baba aliyekufa. Atakuwa na huyu. Koti linaweza kufuliwa, Mama. Lakini kile kisa kilikuwa kitu pekee ambacho Sylvesta alikuwa nacho kabla hajawa na chochote, na mtu alikuwa ameingiza mkono ndani yake kama anavyoingiza mkono kwenye koti.

Basi Felisiani, baba mkubwa wa kina Sylvesta, yule mzee mrefu aliyeongea sana kwenye mazishi, akaitisha kikao cha ukoo. Kilikuwa Jumapili baada ya ibada, uani kwa Mama Niyubahwe. Walikuja wanaume wa ukoo na wake zao. Pasikali alikuja na koti. Felisiani alianza kwa sala, kisha akasema marehemu ameacha nyumba, shamba na mtoto wa kike, na ukoo una kijana ambaye hajaoa, ambaye kila mtu anaona jinsi Mungu alivyomfananisha na kaka yake. Akasema nyumba bado ina rangi yake, mlango haujabadilika, ni nini basi kinachosubiriwa. Kisha akaongeza, bila kunitazama, kwamba mwanamke anayetapika anahitaji mume haraka kuliko wengine. Watu wakainamisha vichwa kuficha walichokuwa wanakijua.

Nilisimama. Nikasema sina mimba, nilikwenda zahanati nikapimwa, na muuguzi yupo, atakayetaka kumuuliza akamuulize. Nikasema natapika kwa sababu ya kinyaa. Felisiani akaniambia nikae, hayo si maneno ya kikao. Sikukaa. Nilimgeukia mama mkwe wangu, ambaye alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango.

"Mama," nikamwambia, "ulipojificha kwenye matete ulikuwa na nani?"

Hakuelewa ninakoelekea. "Na Sylvesta," akasema. "Baba yake alitukuta baadaye."

"Na Pasikali?"

"Pasikali nimemzaa huku. Wewe unajua."

"Mimi najua. Aline hajui. Aline ameambiwa aliyelala kwenye matete ni Pasikali, na uliyemlaza kwenye nyasi atazame juu ni Pasikali. Anabisha hadi na mimi mama yake."

Mama Niyubahwe hajazoea kusema mbele ya wanaume. Alikunja na kukunjua ncha ya kanga yake hata nikadhani nimeshindwa. Kisha akamuuliza Pasikali kama ni kweli alimwambia mtoto hivyo. Pasikali akasema ni hadithi tu, watoto wanapenda hadithi.

"Njoo hapa," akamwambia.

Akaenda, akapiga goti mbele yake kama anayetaka kubarikiwa. Mama yake akaigeuza ile kola, akamshika shingo kwa nyuma kwa vidole vyake.

"Niliyemlaza pale alikuwa na ruba hapa, na hapa. Niliwatoa kwa kucha. Alikuwa ameacha kulia kwa sababu alikuwa amechoka kulia. Wewe shingo hii haijawahi kuguswa na kitu." Kisha akaiachia, akapangusa vidole kwenye mkeka. "Vua."

Pasikali akajaribu kucheka. Felisiani akasema mama tulia, koti ni koti tu.

"Sylvesta nimemzika mwenyewe," akamjibu. "Msinifufulie."

Pasikali akavua. Chini yake alikuwa na fulana ya ndani iliyotoboka begani, na bila koti akaonekana mwembamba, mtu mwingine kabisa, mtu ambaye sikuwahi hata kumtazama vizuri. Akaanza kulia. Akasema tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumsubiri yeye. Sylvesta akiingia watu wanahama viti, yeye akiingia wanaendelea na mazungumzo. Akasema siku aliyovaa koti kanisani ndiyo siku ya kwanza mama yake alimshika mashavu. Akasema hakutaka shamba, alitaka kupokelewa.

Nikuambie ukweli, nilimwonea huruma. Lakini huruma haikukiondoa kinyaa, vilikaa pamoja. Nilimtazama kamasi zikimtiririka nikaona kwamba hata kilio chake alikuwa analia kwa namna ya Sylvesta, mkono kwenye paji la uso, na sikujua kama anaigiza au ameishapotelea humo. Nikamchukua Aline tukaondoka.

Kikao kilivunjika bila uamuzi. Felisiani alitishia kulipeleka jambo la shamba serikali ya kijiji, na alilipeleka kweli, na mwenyekiti akamwambia nyumba na shamba ni vya mjane na mtoto na asimsumbue tena. Mpaka sasa hanisalimii, tukikutana njiani anakagua mihogo ya watu. Pasikali amekwenda Nyarugusu, nasikia anauza sabuni na mawese karibu na kambi ya wakimbizi. Mama Niyubahwe alikuja kwangu jioni ya siku ya pili na godoro lake kichwani, akasema atalala chumba cha mbele, na hakuna aliyemuuliza. Ndiyo maana nilisema salamu zake zina uzito. Humsimulia Aline kile kisa mwenyewe, pamoja na ruba, pamoja na mambo ambayo hata mimi sikuyajua, na Aline sasa anauliza habari za baba yake kila siku.

Mlango hatukuubadilisha. Yeye hataki, na mimi siwezi kumlazimisha, na pengine nikiupaka rangi nyingine nitajuta. Lakini mpaka leo naingilia mlango wa nyuma. Sijui itaisha lini.

Sasa, Mama, kuna jambo ambalo sikulisema kwenye kikao wala sijamwambia Mama Niyubahwe, na nimeandika kurasa zote hizi ili nifike hapa.

Nimekuandikia kwamba nilianza kutapika siku Pasikali alipokula kwenye bakuli. Si kweli. Nilianza siku chache kabla. Nilikuwa natoka shambani saa za mchana, jua kali, nina kikapu cha mihogo kichwani. Nilipopinda kona ya mkahawa niliona mgongo wa buluu umeinama mlangoni pangu, mtu anakaza bawaba. Mama, sikufikiri. Nilitua kikapu njiani, mihogo ikamwagika, nikakimbia. Nikamkumbatia kwa nyuma nikaweka shavu langu kwenye koti.

Hakugeuka. Aliweka kiganja chake juu ya mikono yangu, kama mtu aliyekuwa anaisubiri siku hiyo. Na hapo pua yangu ikaniambia kwamba si yeye. Nilijua kabisa kwamba si yeye. Na bado sikuachia. Nilikaa pale, nimefumba macho, nikajiambia kidogo tu, acha iwe yeye kidogo tu. Mabega yalinishuka, Mama, kama zamani. Kisha nikaachia nikaingia ndani, na kutapika kukaanza.

Kwa hiyo lile tabasamu lake, aliposema mwisho wa maneno ni mzuri, halikutoka hewani. Mimi nilimpa. Watu wanadhani kinyaa changu kilikuwa cha kucha zake na jasho lake, na kweli kilikuwepo hicho. Lakini kilichonitoa nje nyuma ya migomba ni kwamba nilikuwa nimeona jinsi ambavyo ningeweza. Ingekuwa rahisi sana. Ningefumba macho kidogo leo, na kidogo kesho, na yeye angezidi kukohoa na kutafuna tangawizi, na siku moja ningeamka nimesahau kwamba niliwahi kujua tofauti.

Ndipo nikakukumbuka wewe.

Nilikuwa na umri wa Aline Baba alipofariki na Baba mdogo Fidele akahamia nyumbani. Nakumbuka ulimpelekea maji ya kuoga pale pale ulipokuwa ukimpelekea Baba, na uso wako haukusema lolote. Ukatuambia tumwite baba. Ametulea, ametusomesha, sina neno baya juu yake, na siandiki haya kukuvunjia heshima. Miaka yote hii nimekuwa nikidhani ulikuwa na moyo wa utulivu. Uliponiambia mtu huzoea nilikukasirikia, kwa sababu nilidhani hujui unachosema. Sasa nadhani unajua kuliko mimi. Nadhani na wewe ulikuwa na migomba yako mahali fulani nyuma ya nyumba, na hakuna hata mmoja wetu aliyekufuata kukuuliza unaumwa nini.

Kwa hiyo nakuuliza sasa, nikiwa nimechelewa sana. Sitaki unijibu kwa simu. Gulio litakalofuata baada ya barua hii Kudra atakuwa tena Kibondo hadi mchana, kisha anarudi Kasulu na gari la mizigo, amesema atakuwekea nafasi mbele na dereva ili goti lisiumie, na mimi nitakuja kukupokea. Maharage yaliyopona yako tayari kuvunwa na nahitaji mikono. Mama Niyubahwe anasema godoro lake linatosha wazee wawili. Huku hatuna haraka. Utasema ukitaka kusema, na usipotaka tutapukuchua tu. Kwa Baba mdogo mwambie unakuja kunisaidia kuvuna, na akiuliza barua imeandika nini, mwambie ni habari za maharage.

Nisalimie wote wa hapo na jirani zetu wa kisimani. Aline anasema umletee karanga, kwamba meno yake mapya yanaziweza. Mungu akulinde njiani.

Wako katika upendo, mwanao uliyemzaa,

Dorcas